Je, wajua kwa nini kiwanja cha kuunganishia ndege hubadilisha gharama ya tiketi ya maili?

Mtu wa Unguja aliyekusanya maili, yaani pointi ambazo mashirika ya ndege humpa abiria kwa safari zake, kwa miaka kadhaa ya safari za biashara au za kuwatembelea jamaa huamini kwamba kazi iliyobaki ni kutaja anakokwenda na kukata tiketi. Akianza kutafuta, hukuta kwamba safari ile ile ya Zanzibar hadi London, siku ile ile, inadai fedha kidogo juu ya maili ikipitia mji mmoja, inadai fedha nyingi ikipitia mji mwengine, na kwa njia ya tatu haipatikani kabisa. Tofauti hiyo hutokana na kiwanja cha kuunganishia, kwa sababu kiwanja hicho ndicho kinachoamua ni shirika gani litambeba abiria, ada gani zitaongezwa juu ya maili, na sheria za nchi gani zitamhusu kabla hajafika aendako.

Maili hazitumiki kwa shirika lililozitoa peke yake. Mashirika mengi yamejiunga katika vyama vitatu vikubwa, navyo ni Star Alliance iliyoanzishwa 1997, oneworld iliyoanza 1999 na SkyTeam ya mwaka 2000, na mwanachama wa programu ya maili ya shirika moja huweza kutumia maili zake katika ndege za mashirika wenzake. Kwa anayeondokea Kiwanja cha Abeid Amani Karume, jambo hili hugeuka ramani: Ethiopian Airlines ya Addis Ababa na Turkish Airlines ya Istanbul zimo Star Alliance, Qatar Airways ya Doha imo oneworld, na Kenya Airways ya Nairobi imo SkyTeam pamoja na KLM na Air France, kwa hivyo njia yake huendelea hadi Amsterdam na Paris. Ndege za flydubai hazimo katika chama chochote kati ya hivyo, lakini maili za Skywards, programu ya Emirates, hutumika humo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, inafaa mtu ajue maili alizonazo zinamfungulia mlango gani.

Baada ya hapo huja suala la nafasi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Shirika halitoi viti vyote kwa wenye maili. Hutenga vichache kwa kila ndege, kwa kadiri linavyokisia kwamba havitanunuliwa kwa fedha taslimu. Safari ya kuunganisha ina vipande viwili, na ni lazima kila kipande kiwe na kiti kilichotengwa. Mfanyabiashara wa Darajani anayekwenda Guangzhou anaweza kupitia Addis Ababa, Nairobi au Doha, kwani mashirika ya miji yote mitatu yanafika huko, na ikiwa programu yake inamruhusu kuchagua, basi asikome kwenye jibu la kwanza la mashine ya kutafutia tiketi. Atafute kipande kimoja kimoja. Mara nyingi kinachokosekana ni kile kipande kifupi cha kuingia au kutoka Zanzibar, khasa Julai na Agosti, na tena kuanzia katikati ya Disemba, wakati watalii wamejaa. Wakati wa masika, Aprili na Mei, mahoteli mengi hupunguza kazi na viti vya maili huonekana kwa urahisi zaidi. Nionavyo, kubadilisha tarehe kwa siku mbili tatu ili kupata kiwanja kizuri ni bora kuliko kung'ang'ania siku na kukubali kiwanja kibaya.

Idadi ya maili nayo hutegemea hesabu ya programu. Zipo zinazopima kwa kanda, kwa mfano Afrika hadi Ulaya, nazo hazijali sana umepita wapi. Zipo zinazopima umbali wa kila kipande, na hizo humwadhibu anayezunguka. Nyengine hupandisha na kushusha kama bei ya soko.

Lakini maumivu makubwa yamo katika fedha inayolipwa juu ya maili. Sehemu yake ni kodi za serikali na ada za viwanja, ambazo hazikwepeki. Sehemu nyengine ni ada ambayo shirika lenyewe hujiwekea, ambayo watu wameizoea kwa jina la ada ya mafuta ingawa haifuati bei ya mafuta kwa uaminifu. British Airways inajulikana kwa kutoza ada hiyo kwa kiwango kikubwa. Kwa upande mwengine, programu ya Aeroplan ya Air Canada iliacha kuwatoza wanachama wake ada hiyo mwaka 2020, na MileagePlus ya United haiwatozi pia. Ndugu zetu walioko Toronto wenye maili za Aeroplan wanaweza kuja Zanzibar kupitia Addis Ababa au Istanbul bila kutozwa ada hiyo, na kwa pointi 5,000 zaidi programu hiyo huwaruhusu kukaa siku kadhaa katika mji wa njiani.

Uingereza inahitaji kutazamwa peke yake. Tangu 1994 nchi hiyo hutoza kodi ya abiria kwa kila anayeanzia safari kwake, na kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 safari ya masafa kama ya kuja Tanzania ilitozwa pauni 90 kwa daraja la kawaida na pauni 216 kwa madaraja ya juu. Anayepita tu na kuunganisha ndani ya saa 24 kwa tiketi moja hatozwi. Kodi hiyo basi humwangukia zaidi anayerudi nyumbani kutoka London kuliko anayekwenda, na ndiyo maana baadhi ya watu huanzia safari Dublin, kwani Ireland iliifuta kodi yake ya namna hiyo mwaka 2014.

Suala la viza ni zito kuliko fedha, kwa sababu abiria asiyekuwa nayo huzuiwa kaunta, begi likiwa tayari limeshapimwa. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita Uingereza hata kama hawatoki nje ya kiwanja, isipokuwa wawe na vibali maalumu kama vile viza halali ya Marekani. Marekani haina eneo la kupita bila kuingia: kila abiria hupitia uhamiaji na kwa kawaida huchukua mzigo wake, hata akiwa anaelekea nchi nyengine. Katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, mwenye pasi ya Tanzania kwa kawaida anaweza kubadilisha ndege Amsterdam bila viza, lakini tiketi ikimpitisha Amsterdam kisha Paris kabla ya kutoka Ulaya, atakuwa ameingia Schengen, na viza itahitajika. Mashine ya kutafutia tiketi haikuonyi kuhusu hayo. Hukupa njia yenye nafasi na kunyamaza.

Kuhusu muda, kuunganisha kwa saa mbili au tatu ni salama zaidi kuliko saa moja, na kukaa zaidi ya saa 24 hugeuza kiwanja kuwa kituo kamili, jambo linaloweza kubadilisha hesabu ya maili na kodi. Wanaokwenda Amerika kupitia Addis Ababa wafahamu pia kwamba kiwanja cha Bole kiko juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na uzito wake wote, na kwa miaka mingi zile ziendazo Washington na Toronto zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta, ilhali za kurudi huja moja kwa moja.

Wapo wanaoamua kuvuka kwa boti kutoka Malindi na kuanzia tiketi ya maili Dar es Salaam, ambako Emirates nayo inafika. Njia hii huongeza chaguo, ila boti au ndege ya kwenda Dar ikiwa ni tiketi ya peke yake, shirika la safari kubwa halina wajibu wowote bahari ikichafuka au foleni ya Barabara ya Nyerere ikikukamata. Ni busara kuvuka siku moja kabla.

Kwa mtu wa Pemba hesabu ina kipande kimoja zaidi, nacho hakimo katika tiketi ya maili. Viwanja viwili vikilingana kwa maili na kwa fedha, atazame saa ya kutua Unguja: atakayefika asubuhi anaweza kupata ndege ndogo ya Chake Chake siku hiyo hiyo, na atakayefika usiku atalipia malazi mjini.