Taveta, Kilimanjaro na zawadi ambayo haikuwahi kutolewa

Wengi tumesimuliwa kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani. Si kweli. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka huo mwaka 1886, na Wilhelm alitawazwa mwaka 1888.

Ukitaka sababu, itazame Taveta, kituo cha misafara kando ya Mto Lumi, leo upande wa Kenya. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata mkataba na wazee wa hapo. Mwaka uliofuata mjumbe wa Mjerumani Carl Peters akapata wake kwa Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi. Kila upande ukang'ang'ania karatasi zake. Makubaliano ya 1886 yakapitisha mstari katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, kisha ukazunguka mlima kwa upande wa kaskazini.

Kisa cha zawadi kinaniudhi kwa sababu kinawafuta wenyeji. Wataveta walikuwa wakiikaribisha misafara ya pwani muda mrefu kabla ya Johnston. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza waliirudisha mikononi mwao Machi 1916.