Hewa ya ukaa si taka tupu

Mwanafunzi ameketi chini nje ya chumba cha mtihani. Anahema mbiombio, midomo inamfa ganzi, vidole vimekakamaa na kukusanyika kama vya mtu anayechota chumvi. Wanaompepea wanamwambia, "Vuta hewa, mwanangu, vuta hewa!" Kumbe damu yake imejaa oksijeni. Iliyompungukia ni hewa ya ukaa.

Tumezoea kuambiwa kuwa hewa ya ukaa ni uchafu wa kutolewa nje. Hiyo ni nusu ya habari. Ndani ya chembe nyekundu za damu, oksijeni hubebwa na himoglobini. Kuibeba ni kazi moja, kuishusha ni nyingine. Mwaka 1904, mjini Copenhagen, Denmark, mwanasayansi Christian Bohr na wenzake Karl Hasselbalch na August Krogh walionyesha kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka kwenye damu, himoglobini hulegeza mshiko. Mtazame anayepandisha mlima kwa baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Misuli ya mapaja yake inamwaga hewa ya ukaa, damu ya hapo inaongezeka asidi kidogo, na oksijeni inashushwa papo hapo. Kwangu mimi, huu ni kati ya utaratibu mzuri kabisa mwilini: msuli wenye shida zaidi ndio unaobisha hodi kwa nguvu zaidi.

Anayehema kwa hofu huipuliza nje hewa hiyo upesi kuliko mwili unavyoitengeneza. Himoglobini inaing'ang'ania oksijeni. Zito zaidi, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, ndipo kizunguzungu kinapoingia.

Mpeni nafasi, kaeni naye, mwongozeni atoe pumzi polepole. Msimfunike mfuko usoni. Akiwa na pumu au ugonjwa wa moyo, mfuko utamnyima oksijeni. Akiwa na homa, maumivu ya kifua au kisukari, au ikiwa hili halijawahi kumpata, mpelekeni hospitali, maana huenda si hofu bali ni ugonjwa, na kuhema huko ndiko kunakomwokoa.

Neno pia kwa wanaozamia pweza na chaza. Kinachomlazimisha mtu kuibuka avute pumzi ni hasa hewa ya ukaa kujaa, si oksijeni kupungua. Anayehema sana kabla ya kuzama haongezi oksijeni ya maana; anaichelewesha ishara hiyo, na anaweza kuzimia chini ya maji kabla haijamfikia. Pumua kawaida, kisha zama, na juu awepo mwenzako anayekutazama.