Ndoa za wakulima wa Ireland: mshenga, wakili na chumba cha wazee

Ninapochunguza ndoa za zamani za wakulima wa magharibi mwa Ireland, swali langu la kwanza ni hili: fedha zilikwenda wapi? Kwetu mahari hutoka upande wa mume. Kule ilitolewa na baba wa binti, ikapokelewa na baba wa bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe huenda asiishike hata shilingi. Wala mzee hakukaa nayo, maana mara nyingi ndiyo iliyomwozesha binti yake naye, au ikamlipia mtoto mwingine nauli ya meli kwenda Marekani.

Chanzo kilikuwa ardhi. Baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, desturi ya kuwagawia watoto wote vipande vya shamba ilikufa. Mrithi akawa mmoja tu, tena akingoja hadi baba akubali kumwandikia. Ndiyo maana ungemkuta mwanamume wa miaka 35 bado akiitwa "kijana", hana mke wala hati.

Mshenga aliyajua haya yote. Alianzia mnadani wa ng'ombe au baa, akapima nani ana nini. Kisha watu wa binti walikuja kulikagua shamba: mifugo mingapi, udongo upi, barabara iko mbali kiasi gani. Wakiridhika, pande mbili zilikwenda mjini kwa wakili.

Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Hati iliweza kutaja kwamba wazee wataachiwa chumba chao, nafasi kwenye moto, malisho ya ng'ombe mmoja, viazi, hata usafiri wa kwenda misa Jumapili. Mtu haandiki mambo hayo kwa wakili kama anamwamini mkwe wake!

Harusi zilirundikana kabla ya Kwaresima, kwa kuwa Kanisa Katoliki halikuruhusu sherehe za ndoa katika majuma hayo. Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Kapera aliyepitwa alikiona: Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, hasa kusini, vijana walimchora chaki mgongoni akienda kanisani. Watu wa kaunti za Kerry na Cork walitunga mashairi ya kejeli yaliyowaunganisha makapera na wanawake wasioolewa, eti waende Skellig, visiwa vya miamba baharini ambako Kwaresima ilisemekana kuchelewa kuanza.

Leo wageni humiminika mji wa Lisdoonvarna, kaunti ya Clare, kwenye tamasha la kutafuta wachumba kila Septemba. Dansi ni nzuri, lakini mkataba wa zamani hauonekani pale. Haukuwafaa wote, hata hivyo. Nyumba yenye mabinti wanne kwa kawaida ilimudu mahari ya mmoja. Wengine walipanda meli kwenda Boston, New York au Uingereza, na wengi wao waliona heri kuosha vyombo vya watu ugenini kuliko kumngojea kapera wa miaka 40 arithi shamba.