Eti kochi la zamani halichuji rangi? Jamani, linachuja

Mimi naosha makochi majumbani kwa watu hapa Dar, na haipiti wiki sijaambiwa "fundi wewe osha tu, hilo kochi lina miaka ishirini, kama ni rangi ilishatoka zamani". Nimeisikia Upanga, nimeisikia Tabata, nimeisikia Mbezi, na kila nikitoa kitambaa changu cheupe nipime kwanza kama rangi inatoka, mwenye nyumba anaona namchelewesha. Kati ya kauli zote za wateja hii ndo inayonichosha zaidi, kwa hiyo nitaiongelea kwa kirefu, nyingine nitapita nazo haraka.

Rangi inatolewa na maji, haitolewi na umri. Kanga mpya kila mtu anajua unaifua peke yake, yale maji ya kwanza yanatoka mekundu kabisa, ya pili yanapungua, mpaka inatulia. Sasa niambie, hilo kochi lako lililoshonwa Keko mwaka 2004 limeshawahi kulowa lini? Limekaliwa, limefutwa vumbi, watoto wamemwagia chai kidogo, basi. Rangi ya ziada iliyobaki kwenye nyuzi tangu kiwandani bado iko humohumo, na maji yake ya kwanza ya ukweli ndo haya unayotaka mimi nimwage bila kupima.

Uzee wenyewe ndo unazidisha hatari. Jua la dirishani linavunja rangi, jasho na mafuta ya nywele yanaila taratibu pale kwenye mikono ya kochi na pale unapolaza kichwa, kwa hiyo kitambaa kilekile kinaweza kushika vizuri kwa nyuma halafu kikachuja vibaya mkononi. Ndo maana ukiniona napima sehemu tatu nne usiseme napoteza muda, kila rangi iliyopo kwenye maua ya kitambaa napima, na ile kamba ya pembeni napima peke yake maana mara nyingi imeshonwa kwa kitambaa kingine kabisa.

Halafu kuna kitu hakuna anayekifikiria. Fundi anayeshona kochi akikata kitambaa anaandika kwa nyuma, "kushoto", "mgongo", namba, wengine kwa chaki, wengine kwa makapeni. Kwa juu huoni kitu miaka yote. Kikilowa sana, wino unapanda pamoja na maji wakati wa kukauka, asubuhi unakuta alama ya bluu katikati ya kiti cha rangi ya maziwa. Mimi sasa hivi nikikuta mto una zipu lazima nifungue niangalie upande wa ndani kabla sijagusa maji, na nimeshakutana na namba saba kubwa ya makapeni, imekolezwa mara mbili, juu ya kitani nyepesi inayopitisha mwanga.

Aina ya kitambaa ina maana sana. Polista hainipi wasiwasi mkubwa, rangi yake iliingizwa ndani ya uzi kwa joto kali. Pamba, kitani, viskosi (kitambaa laini cha nyuzi zinazotokana na miti) na mahameli ya pamba ya zamani ndo za kuogopa, hasa maruni, nyekundu, bluu iliyokoza na nyeusi. Kupima ni hivi: kwanza sugua kitambaa cheupe kikavu sehemu iliyojificha, kikitoka na rangi hata kabla ya maji hapo usilowanishe kitu. Kikitoka kisafi, kilowanishe na dawa ileile utakayotumia, kwa joto lilelile, kibandike, kandamiza, kiache kama dakika 10. Siyo unagusa mara moja unasema poa. Halafu subiri pakauke uangalie tena, kwa sababu kuna rangi inahama taratibu wakati wa kukauka. Ikichuja, kuna dawa za kusafishia zisizotumia maji, na kuna makochi ambayo namwambia mwenyewe hapa ni kufyonza vumbi tu, hata kama hapendi kusikia.

"Dawa yako imepausha kochi langu." Mara nyingi lilishapauka, vumbi ndo lilikuwa limeziba. Ukiondoa vumbi unaona kazi ya jua ya miaka yote. Inueni mto pamoja na fundi kabla ya kazi, mlinganishe rangi ya chini na ya juu, pigeni picha, kesi imeisha.

"Weka siki na chumvi rangi ijifunge." Chumvi inasaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi kiwandani, ikishatoka hapo haifungi kitu. Siki kidogo kwenye maji ya mwisho inapunguza ukali wa sabuni, hilo nalikubali na mimi mwenyewe nasuuzia dawa yenye asidi nyepesi, ila haigeuzi kitambaa kinachochuja kikawa kisichochuja. Na wengi wetu Dar maji ya kisima tayari yana chumvi, ukiongeza nyingine kochi likikauka linabaki na weupeweupe na linakuwa gumu.

"Sabuni ya unga ndo inatakatisha." Sabuni ya unga ina pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndo katikati) inayofika 10 na kupita, rangi nyingi za zamani hazivumilii hiyo, na nyingi zina vile vitu vya kung'arisha vinavyoacha baka linalong'aa kibluu kwenye kitambaa cha krimu. Jiki hata sitaki kuijadili, ile inaua rangi na hairudi.

"Likatolewe nje lianikwe juani." Hapana. Upepo ndo unaokausha, jua linapausha upande mmoja. Masika hewa ikiwa nzito kochi linaweza kukaa na unyevu hadi kesho yake, na muda wote huo rangi inatembea, kwa hiyo maji machache, mashine ivute mpaka tone la mwisho, madirisha wazi, feni mbili zikipuliza kutoka pande tofauti. Pamba ikitoka na ukahawia baada ya kukauka usidhani ni rangi imehama, maji yalizidi tu, na fundi anayejua anaweza kuutoa.

"Kava lina zipu, maana yake livuliwe lifuliwe." Mara nyingi ile zipu aliiweka fundi aliyeshona kochi ili aweze kuingiza sponji. Ukilivua ukalitia kwenye mashine linaweza kusinyaa, sponji lisiingie tena, na likitoka limepauka, mito iliyofuliwa na mgongo usiofuliwa havitafanana tena.