Dhana Potofu Kuhusu Kuendesha Pikipiki Katika Pwani Tambarare Yenye Joto

Wapo wanaoamini kwamba mahali pasipo mlima wala baridi, kuendesha pikipiki ni kazi nyepesi. Ni kweli kwamba katika ukanda wa namna hiyo mtu huendesha mwaka mzima bila kuhofia barafu, lakini wepesi huo umezaa dhana zinazowaumiza hata waendeshaji wazoefu.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kwenye joto kali ni afadhali kuvaa shati jepesi ili upepo uupoze mwili. Ukweli ni kwamba ngozi ya binadamu ina joto la takriban nyuzi 35 za Selsiasi, na hewa ikizidi kiwango hicho upepo wenyewe huuongezea mwili joto, kikabaki kitu kimoja tu cha kuupoza, nacho ni jasho linalokauka. Mwendo wa pikipiki hulikausha jasho hilo upesi kiasi kwamba mwendeshaji hahisi kulowa, wala hatambui maji anayopoteza mpaka kichwa kianze kumuuma na maamuzi yake barabarani yaanze kuchelewa. Koti la kinga la wavu hupitisha hewa na kuzuia jua, na likivaliwa juu ya fulana iliyoloweshwa maji humpoza mtu kwa muda mrefu kuliko kifua wazi. Kofia ngumu nayo haina msamaha wa joto: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Wengine husema kwamba barabara iliyonyooka ni salama kwa kuwa haina kona. Uchunguzi wa ajali za pikipiki ulioongozwa na mtafiti Harry Hurt huko Los Angeles, Marekani, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1981, ulibaini kwamba takriban robo tatu ya ajali zilihusisha gari jingine, na katika theluthi mbili za hizo dereva wa gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Mahali pa kuogopa, basi, ni makutano, na hata nchi tambarare ina makutano. Aidha, unyoofu huo hula tairi katikati peke yake. Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma lililotumika kwa muda mrefu katika barabara za aina hiyo: utakuta katikati pamekuwa bapa na pembeni pana ukingo, na ukingo huo ndio utakaoitikisa pikipiki siku utakapolazimika kuiinamisha ubavu ghafla ili ukate kona.

Kuhusu upepo wa bahari, ambao wengi huuona kuwa burudani tu, itoshe kukumbuka kwamba kwa kawaida huwa na nguvu zaidi alasiri, hupiga ubavuni katika barabara inayofuata ufuo, na huacha mchanga juu ya lami.

Ipo pia imani kwamba kutu humpata yule tu anayepita ufukweni. Chumvi husafiri hewani ikiwa matone madogo mno, na inaweza kufika mbali na maji. Dalili zake huanza kwenye mnyororo, ambapo pete zinaota vumbi jekundu na baadhi ya viungo vinakataa kujikunja, kisha zinahamia kwenye viunganishi vya umeme na pistoni za breki. Kuifuta pikipiki kwa kitambaa kikavu hakutoshi, kwa sababu huisugua chumvi kwenye rangi. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi injini ikiwa imepoa, uikaushe, kisha uupake mnyororo mafuta. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huchemka mapema breki zinapopata moto. Kwa hiyo watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki imetembea kidogo.