Kwenu wapi? Dhana potofu kuhusu jinsi Watanzania walivyopatikana

Watanzania wawili wakikaa kiti kimoja kwenye basi, hawafiki mbali kabla mmoja hajauliza: "Kwenu wapi?" Hapo haulizwi unapoishi. Mtu aliyezaliwa Temeke, akasoma Temeke na kuoa Temeke atajibu "Songea" bila kusita, kwa kuwa babu yake alitoka huko. Jibu hilo hupokelewa kana kwamba ndio mwisho wa kamba. Kumbe kamba bado ndefu: miaka 200 iliyopita hapakuwa na Mngoni hata mmoja Songea, wala mji wenye jina hilo.

Madai ninayoyajadili hapa nimeyasikia vijiweni, misibani na hata madarasani. Mengi si uongo wa makusudi. Ni ukweli uliokatwa mkia.

"Wangoni ni Wazulu waliohamia Songea"

Dai hili lina kichekesho chake, maana waliomkimbia Shaka, mfalme wa Wazulu, ndio wanaoitwa watu wa Shaka. Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vilichafua nchi iliyo kusini-mashariki kabisa mwa Afrika, na karibu na mwaka 1820 ufalme wa Ndwandwe ukavunjwa na Wazulu. Miongoni mwa makamanda walioondoka na watu wao alikuwamo Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Alielekea kaskazini kupitia nchi ambazo leo ni Msumbiji na Zimbabwe, akavuka mto Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, na akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Alipokufa, watu wake walishindwa kukaa pamoja. Baadhi walirudi kusini, wakaishia Malawi na Zambia. Wengine walipanda hadi Unyamwezi, wakaitwa Watuta. Wengine tena wakaja Songea, wakakuta Wangoni wa Maseko wamewatangulia kwa njia nyingine, wakapigana nao na kuwasukuma ng'ambo ya Ruvuma.

Jeshi hilo lilikula chakula cha watu na likawameza watu wenyewe. Vijana waliotekwa waliingizwa vikosini, wanawake wakaolewa. Kwa hiyo waliofika Songea wakiwa na kumbukumbu ya kusini walikuwa wachache. Wengi walizaliwa njiani, na mama zao walikuwa Wakaranga, Wasenga, Watumbuka. Songea kwenyewe wakaongezeka Wandendeule na majirani zao. Kuwa Mngoni kulianza kama kuwa chini ya mtawala fulani. Damu ilikuja kutafutwa baadaye.

Na lugha je? Kingoni cha Songea leo kinafanana na Kimatengo na lugha nyingine za jirani kuliko kinavyofanana na Kizulu. Kilichosalia kutoka kusini ni baadhi ya majina ya koo na maneno ya utawala kama *nkosi* (mfalme) na *nduna* (mkuu wa vikosi). Wakubwa walitoa amri kwa lugha yao, lakini watoto walilelewa na mama zao, na mama hakukijua Kizulu. Naomba ulishike hili la mama, kwa sababu pwani tutakutana nalo tena.

Walioshambuliwa nao hawakukaa mikono mitupu. Wasangu na Wahehe waliiga namna ya Wangoni ya kupanga vikosi na kupigana kwa karibu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye naye aliuawa.

"Makabila yetu 120 na ushee yamekuwapo tangu zama"

Hao Wahehe wenyewe ni mfano. Kabla ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, nyanda za Iringa zilikuwa na himaya ndogondogo, kila moja na mtwa wake. Yeye ndiye aliyeziunganisha, kwa vita na kwa ndoa, katikati ya karne ya 19. Ukimwuliza mtu wa Iringa wa mwaka 1820 kama yeye ni Mhehe, pengine asingekuelewa.

Jina "Wasukuma" asili yake ni upande wa dira: *sukuma* ni kaskazini, na jirani zao wa kusini waliwaita hivyo kama sisi tunavyosema "watu wa bara". Wachagga nao walikuwa watu wa Machame, wa Kibosho, wa Marangu, wa Rombo, kila mangi na mipaka yake, na vita baina yao havikuwa vya utani. Mangi Mkuu wa Wachagga wote, Thomas Marealle, alitawazwa mwaka 1952, wakati TANU ilikuwa imebakiza miaka miwili tu kuzaliwa.

Waingereza walichangia sana kuigandisha mipaka hii. Mwaka 1926 serikali ya Gavana Donald Cameron ilitunga sheria ya mamlaka za wenyeji, ikitaka kila kabila liwe na chifu wake, baraza lake na hazina yake. Mahali ambapo kabila halikueleweka vizuri, lilitafutwa hadi likapatikana. Sisemi kwamba makabila ni ya kubuni. Yapo, na watu wanayapenda. Ninachosema ni kwamba mengi yana umri wa babu wa babu.

"Miji ya pwani ilijengwa na Waarabu"

Hapa kuna dhana mbili zinazopigana, na zote zimepotoka. Ya kwanza ni hiyo ya juu. Ya pili ni majibu yake ya hasira: kwamba hakuna mgeni yeyote aliyechangia kitu, na kwamba habari za Washirazi ni hadithi za kujikweza tu.

Tuanze na Kilwa Kisiwani. Watu waliishi pale tangu karne ya 9 au karibu na hapo, katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki, wakifua chuma na kutumia vyungu vya namna ileile iliyotumika bara. Misikiti na majumba ya mawe ya matumbawe yalikuja baadaye, juu ya makazi yaliyokwisha kuwapo. Hata simulizi za Kilwa zenyewe hazidai kisiwa kilikuwa kitupu. Zinasema mwana wa mfalme kutoka Shiraz, Uajemi, alikinunua kwa mwenyeji, na bei ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Muuzaji alikuwa na cha kuuza, tena alijua kupanga bei!

Ibn Battuta wa Morocco alipofika mwaka 1331, alikuta mji mzuri ambao wakazi wake wengi walikuwa watu weusi wenye chale usoni, na sultani Mwislamu mwenye sifa ya ukarimu. Dhahabu iliyoutajirisha mji huo ilitoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na sarafu zilifuliwa palepale. Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 hivi waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili, ikiwamo Kilwa. Yalionyesha mchanganyiko wa Afrika na Asia ulioanza karibu na mwaka 1000. Upande wa Afrika ulirithiwa zaidi kupitia wanawake. Upande wa Asia ulipitia wanaume, wengi wa asili ya Uajemi. Wa asili ya Uarabuni waliongezeka baada ya mwaka 1500. Kwa hiyo wazee waliosema "sisi ni Washirazi" hawakuwa wakiota ndoto za mchana. Hao wageni, hata hivyo, waliingia kama wakwe. Watoto wao walizungumza lugha ya mama, na lugha hiyo ni ya Kibantu. Ni kisa kilekile cha Songea, isipokuwa huku mgeni alikuja na nguo na shanga badala ya mkuki.

Utawala wa Waarabu wa Oman ni jambo jingine, la baadaye sana. Wareno waliipora Kilwa mwaka 1505 na kuanza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Ngome hiyo iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa miaka karibu mitatu, na wenyeji wa pwani ndio walioomba msaada Oman. Ilipofika karne ya 19, Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, na mashamba ya karafuu yakasambaa kwa nguvu za watumwa. Wakati huo hata neno la sifa njema lilibadilika: kilichoitwa *uungwana* kikaanza kuitwa *ustaarabu*, yaani kuwa kama Mwarabu. Tunalitumia hadi leo kila siku, bila kusikia kilichomo.

"Kiswahili ni nusu Kiarabu"

Chukua neno "walimsafirisha". Kiini chake ni *safari*, cha Kiarabu. Kila kilichokizunguka, *wa-li-m-* mbele na *-ish-a* nyuma, ni Kibantu kitupu, na mzungumzaji wa Kiarabu hana la kufanya nacho. Msamiati tulikopa kwa kila aliyetia nanga: *meza*, *bendera* na *leso* kwa Wareno, *gari* na *laki* kwa Wahindi, *serikali* kwa Waajemi, *shule* na *hela* kwa Wajerumani. *Gereza* ndilo linalonichekesha. Kwa Wareno *igreja* ni kanisa.

"Ugali ni chakula cha mababu"

Inategemea mababu wa lini. Mahindi yalitoka Amerika, yakaanza kufika pwani yetu baada ya Wareno, na bara yalienea polepole sana. Muhogo na korosho ni wa Amerika pia, kama zilivyo nyanya na pilipili. Kabla ya hapo ugali ulisongwa kwa mtama, uwele na ulezi. Mgomba uliojenga uchumi wa Kilimanjaro na Bukoba ulitoka Asia, zamani zaidi. Tulichokuwa nacho tangu mwanzo, nadhani, ni mwiko.

"Kila aliyebeba mzigo kwenye misafara alikuwa mtumwa"

Biashara ya watumwa ilikuwa kweli, na njia ya kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje iliziacha nchi nyingi bila watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo walikuwa kwa sehemu kubwa vibarua wa kulipwa. Walipatana ujira wa nguo, waligoma, walitoroka wakidhulumiwa, na wengi waliondoka wakati wa kiangazi ili wawahi kurudi kulima. Walianza kazi hiyo kwa misafara yao wenyewe, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazijua njia za bara. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya heshima kwa nia njema.

"Majimaji ilikuwa vita ya makabila yote dhidi ya Wajerumani, na waliokufa walikufa kwa risasi"

Vita ilianzia kwa Wamatumbi Julai 1905, kwenye shamba la pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa mapema Agosti, na vita ikaendelea bila yeye hadi 1907. Dawa ilivuka mipaka ambayo mikuki ilikuwa imeichora: Wangoni wakawa upande mmoja na watu waliokuwa wakiwavamia jana. Lakini si wote walioingia. Wahehe, waliompoteza Mkwawa mwaka 1898, kwa sehemu kubwa walikaa nje, na baadhi waliwasaidia Wajerumani.

Nduna Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake, alinyongwa mapema mwaka 1906 pamoja na wenzake wengi. Idadi ya waliokufa katika vita nzima hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na ghala za nafaka. Vijiji viligeuka pori, na sehemu ya nchi hiyo tupu iliingia baadaye kwenye Pori la Akiba la Selous. Mtalii anayesifu nyika isiyoguswa na binadamu pengine amesimama juu ya shamba la mtu. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kuomba msamaha.

"Uhamaji uliisha wakoloni walipochora mipaka"

Ulipata tiketi tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ikapona. Kutokana na hiyo yakaota mashamba makubwa ya Tanga, na mashamba yakawaita manamba kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi. Wengi hawakurudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000 waliwekwa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yapo hadi leo. Mwaka 1972 walikuja Warundi, na mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi.

"Utani wa makabila ni mchezo tu"

Wapagazi wa Kinyamwezi walilazimika kupita Uzaramo ili kufika pwani, wakagombana na wenyeji kuhusu maji na chakula, kisha wakazoeana. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, wala hakuna aliyemmaliza mwenzake. Utani wao ulitoka humo.

Kwa hiyo mzee wa Kihehe akifariki, mtani wake wa Kingoni anaweza kuteremka kaburini, akajilaza chali na kukataa kutoka mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Wanampa elfu tano. Anaigeuzageuza noti, anawaambia haitoshi hata kidogo, ng'ombe waliochukua babu zao walikuwa wengi kuliko hivyo, na anajilaza tena.