Je, wajua kwa nini mtu aliyepoteza usemi anaweza kuimba?

Mzee amepata kiharusi. Ukimuuliza jina lake, midomo inahangaika na neno halitoki. Wenzake wa kwaya wanakuja kumjulia hali, wanaanzisha wimbo aliouimba tangu ujana, naye anaitikia ubeti mzima bila kukwama. Wengine nyumbani husema ni muujiza. Wengine, na hili huumiza, husema kumbe alikuwa anajifanya.

Hajifanyi. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka karibu silabi moja tu, “tan”, akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Kuimba hutumia pande zote mbili. Tena wimbo uliozoeleka ni kama shanga zilizokwisha kutungwa: ukivuta moja, nyingine zinafuata. Kama kinachosaidia zaidi ni lahani, mapigo au mazoea ya maneno, wataalamu bado wanabishana.

Lakini ubeti wa kwaya haumwezeshi mzee kuomba maji. Hapo ndipo mtaalamu wa tiba ya muziki anapoingia, na kwangu huu ndio ufundi wenyewe. Mbinu moja, iliyotangazwa na watafiti wa Boston, Marekani, mwaka 1973, huchukua sentensi fupi ya kila siku na kuiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongeshwa mezani taratibu kwa kila silabi. Sauti hupanda penye mkazo. Kwa Kiswahili ingekuwa rahisi kuipanga, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: na-TA-ka MA-ji. Kwanza wanaimba pamoja, kisha mtaalamu ananyamaza katikati na mgonjwa anamalizia, kisha anaimba peke yake. Mwishoni lahani hupunguzwa mpaka yabaki maneno. Huchukua wiki nyingi, na huwafaa hasa wale wanaoelewa wanachoambiwa ila kutamka ndiko kumewashinda.

Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani huko Arizona Januari 2011, alipitia tiba ya muziki alipokuwa akijifunza upya kusema.

Akija mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, mtaalamu huyo huyo huweka lahani kando. Shida hapa ni miguu: hatua zimekuwa fupi, wakati mwingine zinaganda mlangoni. Anachohitaji ni mapigo yasiyoyumba. Mtaalamu hupima kwanza mwendo wa mgonjwa mwenyewe, anapiga kwa kasi hiyo hiyo, kisha anaongeza kidogo kidogo, na mguu unafuata.